Mwenye Mshipi Gumbo Aelekee Ziwa Lipi?

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, Mto Nile unaopita Gumbo, hapa Juba, si ule wa Januari. Maji hupanda, hubeba magogo na vipande vya magugu, na rangi yake hugeuka kuwa ya udongo. Mwaka mzima mto huu hulishwa na maziwa ya Viktoria, Kyoga na Albert, na maji ya ziwani huja taratibu yakiwa yameshatulia. Lakini mvua za Ikwatoria zikikolea, vijito na mito ya msimu iliyo kati ya Ziwa Albert na Mongalla, Aswa ukiwa mmojawapo, humwaga tope lake ndani ya Nile kwa mkupuo. Mwenye nyavu hasumbuki sana, maana wavu haujali giza. Anayeumia ni mwenye mshipi na ndoana, hasa akiwa anamtaka samaki anayewinda kwa macho.

Na miezi hiyohiyo ndiyo ambayo simu za vijana wa hapa hujaa video za wavuvi wa Marekani wakiwa wamemshika mdomo samaki wa kijani mwenye kinywa kikubwa. Huyo ni besi. Kwao ni majira ya majani kupukutika, na kila Septemba wavuvi wa burudani huko huanza kubishana ni ziwa lipi waende. Ubishi huo umefika hadi Gumbo. Dereva wa trela anayesubiri mzigo wake Sherikat, mfanyabiashara wa Kiganda, kijana aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mfanyakazi wa shirika aliyepewa likizo yake: nimesikia kila mmoja wao akiuliza kwa namna yake. Nina wiki moja, nina mshipi, niende wapi?

Jibu langu ni Naivasha. Nitaeleza nimefikaje huko, kwa kuwa njia ya kuchagua ina faida kuliko jina la ziwa lenyewe.

Tuanze na hao Wamarekani, maana wana jambo la kutufundisha. Maji ya maziwa yao yanapoanza kupoa, samaki wadogo huacha vilindi na kukimbilia kwenye vihori na midomo ya vijito. Besi huwafuata, naye hula kwa pupa kabla baridi haijamlegeza. Mvuvi mzoefu wa kule hachagui ziwa kwa sababu lilimtoa samaki mkubwa mwaka juzi. Anauliza kwanza wale wadogo wako wapi. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna baridi ya kumsukuma samaki, lakini swali linabaki lilelile. Mimi huongeza na la pili, ambalo katika nchi zetu lina uzito zaidi: samaki anakula nini katika ziwa hili, na yeye mwenyewe analiwa na nani? Ziwa lisilojibu vizuri maswali hayo mawili ni la kupigia picha tu.

Maswali hayo unaweza kuyaanzia palepale sokoni. Asubuhi, kwenye meza za samaki za Gumbo, utawakuta garmut, ambaye ndiye kambale, wakipigapiga mikia ndani ya karai. Bulti, ambaye ni sato. Na siku ya neema, ijil mmoja au wawili, yaani sangara. Mama muuza samaki akikuona unasitasita atamfunua sangara shavu kwa kidole gumba akuonyeshe yale matamvua yalivyo mekundu. Muulize alikuta nini tumboni alipompasua. Akikwambia visamaki, ujue kuna wadogo wa kutosha pale alipovuliwa. Akikwambia hakukuta kitu, na sangara wenyewe wote ni wadogo kuliko mkono wako, umeshapata majibu yote mawili.

Kwa walio Juba, maziwa ya karibu ni yale ya humuhumu Sudan Kusini, na hayo huyapita kwa masikitiko. Shambe, lililo kwenye ukingo wa magharibi wa bwawa kuu la Sudd, ni maji ya samaki tangu zama za mababu. Ndiko hutoka sehemu ya samaki wakavu wanaouzwa katika masoko yetu. Yirol nalo lina ziwa lake mjini kabisa. Chakula cha samaki huko ni tele, kwani Sudd inapofurika kila mwaka, majani yaliyozama huwa kitalu cha vifaranga wa samaki, na ndiyo maana eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2006. Tatizo ni kwamba Septemba hadi Novemba ndipo mafuriko yanapokuwa katika kilele na barabara za udongo haziendeki. Tangu 2019 maji yamezidi mno. Ziwa Viktoria lilifikia kimo cha kihistoria mwaka 2020, likapanda tena 2024, na maji hayo yote hayana njia nyingine ila hii ya kwetu. Familia zinazohama na ng'ombe wao kutafuta tuta kavu zinahitaji mitumbwi ya huko kuliko mgeni mwenye fimbo ya kuvulia. Shambe ni la Februari na Machi, maji yanaporudi mtoni na samaki kubanana kwenye mifereji. Ningependa siku moja gazeti hili litume mtu huko wakati huo.

Wengi wa hapa hutaja Albert. Nawaelewa. Ziwa hilo ni jirani yetu kuliko ramani inavyoonyesha: maji yanayotoka kwenye ncha yake ya kaskazini hupita Pakwach, huingia Nimule, huporomoka kwenye maporomoko ya Fula, kisha hufika hapa chini ya madaraja yetu. Sangara ni mwenyeji wa Albert tangu asili. Hakuwahi kufika Viktoria kwa nguvu zake, kwa sababu Maporomoko ya Murchison, ambako Nile nzima inajipenyeza katika ufa wa takriban mita 7 na kuanguka mita 43, yalimzuia asipande. Alipelekwa Viktoria na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960, na mamia ya aina za visamaki vya asili vya ziwa lile vikatoweka baada ya hapo. Nitalirudia jambo hili, maana linamhusu na besi.

Sasa uliza Albert maswali yetu. Chakula kipo, tena kwa wingi: muziri na ragoge, visamaki vidogo ambavyo siku hizi ni zaidi ya nusu ya kila kinachovuliwa ziwani humo. Lakini wingi huo wenyewe ni dalili. Wadogo wametamalaki kwa kuwa wakubwa waliokuwa wakiwala wamepungua, nao wamepunguzwa na nyavu. Serikali ya Uganda iliingiza jeshi kulinda maziwa mwaka 2017, mitumbwi ya chini ya futi 28 ikakatazwa na nyavu ndogo zikachomwa moto. Wavuvi wengi masikini waliumia, na sangara wakubwa hawajarudi kwa kasi tuliyotarajia. Juu ya hayo kuna mafuta, yaliyogunduliwa bonde hilo mwaka 2006. Katika baadhi ya fukwe za upande wa Uganda sasa kuna mipaka ya kazi ya visima, na mgeni mwenye mtumbwi wa kukodi lazima aulize kwanza anaruhusiwa kufika wapi. Upande wa Kongo una mambo mengine ya usalama. Mimi simpeleki mtu Albert kwa mshipi kwa sasa.

Kuna mahali pamoja pa kando ya Albert ninapopaheshimu sana: mto wenyewe chini ya Murchison, kabla haujaingia ziwani. Pako ndani ya hifadhi, nyavu hazifiki, na mtalii huvua kwa kibali cha mamlaka ya wanyamapori, kisha humrudisha samaki majini. Analiwa na nani? Karibu hana wa kumla zaidi ya mamba. Ndiyo maana sangara wa pale ni wakubwa kiasi cha kutisha. Ukitaka kipimo, rekodi ya dunia ya sangara wa mshipi ni kilo 104.32, aliyevuliwa Ziwa Nasser huko Misri mwaka 2000, wakati rekodi ya besi ni kilo 10 na kitu: mmoja wa Georgia, Marekani, mwaka 1932, na mwingine wa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Lakini Murchison ni ghali, na maji yake nayo huchafuka mvua zikinyesha. Mwenye fedha na mikono imara asubiri kiangazi cha Desemba hadi Machi.

Turkana nitalipita haraka. Lina sangara, lina maji mapana, na njia ya Torit, Kapoeta hadi Lokichoggio inaonekana fupi ukiitazama mezani. Ila njia hiyo si ya kwenda kutafuta burudani, na upepo wa ziwa lile hupindua mitumbwi ya watu waliozaliwa humo.

Sasa Naivasha. Jina hili halihitaji kutambulishwa kwa mtu wa Juba. Kuanzia Septemba 2003, John Garang na Ali Osman Taha walikaa katika hoteli iliyo kando ya ziwa hilo wakijadiliana, na makubaliano ya amani yaliyozaliwa pale ndiyo yaliyotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Watu wengi hapa bado huyaita mkataba wa Naivasha. Wachache miongoni mwetu ndio wanaojua kwamba, wakati wajumbe wakigombania kila mstari, nje ya madirisha yao alikuwepo besi yule tunayemwona kwenye simu.

Alifika mwaka 1929, ameletwa kutoka Marekani na walowezi wa Kiingereza waliotaka mchezo wa kuvua. Kabla yake, mwaka 1925, walikuwa wamepanda aina ya sato. Ziwa lenyewe lilikuwa na kisamaki kimoja tu cha asili kinachojulikana, kidogo kuliko kidole, na hicho kilikoma kuonekana katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, wenye magando, kutoka Uganda, nao wakazaana ajabu. Besi aliwapenda. Kwa miaka mingi besi mkubwa wa Naivasha alikuwa mla kamba kwanza, mla samaki baadaye, na mtu aliyejua hivyo alitupa chambo chake chini kabisa, akikivuta polepole kwa kukigusisha matopeni kama kamba anayerudi kinyumenyume.

Kisha mambo yakaharibika. Uvuvi wa nyavu wa biashara, uliofunguliwa mwaka 1959, ulizidi kipimo, hadi mwaka 2001 ziwa likafungwa kwa muda. Mwaka huohuo akaonekana karpu, samaki mnene mwenye ndevu, anayeaminika kuwa aliponyoka kutoka mabwawa ya ufugaji yaliyo juu ya mito inayoingia ziwani. Karpu hula kwa kuchimba matope. Anang'oa majani, anatia maji giza, anawamaliza kamba. Ndani ya miaka kumi akawa ndiye samaki mkuu wa Naivasha, na besi akawa mchache.

Msomaji atauliza: kwa nini basi nimtume mtu huko? Kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye, ambalo wavuvi wa mshipi hawajalitilia maanani vya kutosha. Tangu mwaka 2010 maji ya Naivasha yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 yaliingia hadi katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Ni msiba kwa waliohamishwa, na sitaki kuufanya uonekane neema. Lakini pwani mpya ya ziwa sasa imejaa migunga iliyozama, mashina makavu yamesimama majini safu kwa safu, pamoja na vichaka na nyua za zamani. Wavu hauingii humo, utararuka. Visamaki na vifaranga wa sato hujificha kati ya matawi, na besi, ambaye kwa maumbile yake ni mwindaji wa kuotea, huwangoja kivulini. Anakula nini? Wadogo waliojificha. Nani anamla? Pale penye miti, si wengi. Naivasha ya pembezoni imeanza kujibu maswali yetu vizuri kuliko katikati yake.

Usitarajie wa kilo kumi. Wengi utakaowapata hawatazidi kilo moja. Ila mtazame kwa karibu ukimpata: mgongo wa kijani kilichoiva, tumbo jeupe, na mstari mweusi wa madoa yaliyoungana kutoka shavuni hadi mkiani. Taya lake la juu hupita nyuma ya jicho; hiyo ndiyo alama ya kumtofautisha. Hang'ati windo. Hufungua kinywa ghafla, maji huvutwa ndani pamoja na kila kilichomo, na mkononi mwako huhisi mkwaruzo wala mpigo, bali mshipi uliolegea mahali ambapo ulipaswa kuwa na uzito. Asiyejua hungoja avutwe. Anayejua hukaza palepale.

Wakati nao unatufaa. Mvua za vuli za Kenya kwa kawaida hushika Oktoba ikielekea mwisho na Novemba, kwa hiyo Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba, wakati Nile yetu imejaa tope, maji ya Naivasha huwa na nuru. Ndiyo majira ya Wamarekani, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Na kwa kuwa hakuna baridi ya kumpangia besi msimu, katika joto hili la wastani huzaliana bila kungoja mwezi mmoja maalumu. Ukimwona dume kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga, anazunguka mahali pamoja bila kukimbia, analinda mayai. Mwache.

Wengine mtamla, na hapo sina pingamizi. Sangara wa Murchison ni mwenyeji, nami nafurahi anaporudishwa majini. Besi wa Naivasha ni mgeni aliyeletwa; kumla hakumpunguzii ziwa kitu chake cha asili. Ninachokataa kwa nguvu zangu zote ni mpango ambao nimesikia vijana wenye mabwawa ya samaki hapa wakiuzungumza, wa kubeba besi hai kwenye ndoo na kuja kumfuga Gumbo. Mabwawa yetu yako hatua chache kutoka mtoni, na mafuriko ya kila mwaka tunayaona. Karpu wa Naivasha anaaminika kuwa alianza hivyohivyo, bwawani. Sangara wa Viktoria alianza na wachache. Mto huu unalisha watu kuanzia hapa hadi Malakal na kuendelea, na hakuna kijana mmoja mwenye haki ya kuujaribia samaki mpya.

Safari yenyewe si ngumu kwa mtu wa hapa, kwa sababu malori yaliyopangwa Gumbo yameshaipitia. Njia yao kutoka Mombasa hupita Nairobi, Naivasha, Nakuru, Eldoret na Malaba, kisha huingia Uganda hadi Gulu, Elegu na Nimule, na kumalizia na kilomita 192 za lami iliyokamilika mwaka 2012. Wewe utaifuata kinyume. Asiye na gari atapanda basi hadi Kampala, kisha basi la Nairobi linalopita Nakuru, ashuke Naivasha mjini na kuchukua matatu ya barabara ya kusini mwa ziwa. Nenda na koti. Naivasha iko mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mara tatu ya Juba, na alfajiri yake humshangaza aliyezoea joto letu.

Kibali cha kuvua kwa mshipi kinapatikana kwa maofisa wa uvuvi. Omba na risiti. Mtumbwi kodi kwenye fukwe za umma kama Kamere au Karagita, na umchague nahodha kabla ya chombo. Mwambie, kaka, nataka kwenye migunga iliyozama, si katikati. Akikwambia katikati ndiko kuzuri, tafuta mwingine. Muulize viboko wamelala wapi wiki hii, kwa kuwa wapo wengi, wameua watu, na hupenda mafunjo yaleyale anayoyapenda besi. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisiwekwe chini ya kiti.

Vifaa viwe vyepesi: fimbo fupi, mshipi wa kilo tano au sita, ndoana moja kubwa yenye chambo laini cha mpira cha rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, maana besi wa huko hajamsahau kamba. Ficha ncha ya ndoana ndani ya mpira isinase kwenye matawi. Muwe majini kabla jua halijachomoza. Tupa sambamba na shina, si kulielekea, acha chambo kizame hadi chini, hesabu moja hadi tano, inua kidogo, kisha acha kizame tena. Kila shina litupie mara mbili tatu, halafu hamia jingine. Ikikaribia saa sita mchana upepo wa bonde huanza kuvuma na mawimbi huinuka haraka. Nahodha akisema turudi, rudini hata kama samaki ndio kwanza wameanza kula.